Pale Namba Tasa Inapolala

Hotuba hii niliitoa Dodoma mjini, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari waliokutana siku moja kuzungumzia hisabati. Wengi walikwama njiani kwa sababu ya makorongo yaliyojaa maji, ndiyo maana naiweka yote hapa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha. Anayesoma achukue karatasi na kalamu.

Mbukwenyi!

Asanteni. Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mliokaa chini pale mbele kwa sababu viti havikutosha, itifaki imezingatiwa.

Leo nitasema juu ya kujumlisha. Ni kujumlisha kwa mtoto wa darasa la pili. Unachukua namba, unajumlisha tarakimu zake, umemaliza. Chukueni 523. Tano na mbili, saba. Saba na tatu, kumi. Nani humu ndani hawezi? Anyooshe mkono. Simwoni. Basi kila aliyemo ukumbini anaweza kunifuata mpaka mwisho, na mwisho wenyewe uko mbali, uko mahali ambapo swali moja liliwasubirisha wanahisabati wa dunia kwa miaka 42.

Namba tasa mnazijua: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea, zile zisizogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa zenyewe. Neno "tasa" ni zito. Niliwahi kumwona mama mmoja, siku wazazi walipotembelea darasa langu, akiinamisha kichwa nilipolitamka. Tangu siku hiyo kila nikilifundisha naongeza jambo moja: katika hisabati, hizi tunazoziita tasa ndizo wazazi. Kuanzia 4 kwenda juu, namba yoyote ambayo si tasa imezaliwa kwa kuzidisha tasa kwa tasa. 12 ni 2 mara 2 mara 3. 115 ni 5 mara 23. Hakuna iliyozaliwa kwingine.

Sasa shikeni tofauti hii, maana maneno yangu yote ya leo yamesimama juu yake. Kuwa tasa ni tabia ya namba yenyewe. Chukua mbegu 13 za ubuyu, jaribu kuzipanga kwenye mafungu yaliyo sawa. Huwezi, uwe Kondoa, uwe China, uwe unajua kusoma au hujui. Lakini jumla ya tarakimu ni tabia ya maandishi tu. Tunaandika kwa makumi kwa sababu tuna vidole kumi. Tungekuwa na vidole vinane, mbegu zilezile 13 tungeziandika 15, na jumla ya tarakimu ingekuwa 6 badala ya 4. Mbegu hazikuongezeka, tumebadilisha nguo tu.

Namba tasa ni mwili. Jumla ya tarakimu ni nguo. Je, nguo inaweza kujua habari za mwili?

Kabla sijawa mwalimu niliajiriwa kuandika daftari katika ghala moja la mahindi upande wa Kongwa. Jioni moja tulifunga hesabu, fedha zikapungua shilingi 54,000. Tukahesabu tena, upungufu uleule. Tajiri akamwita kijana aliyebeba magunia siku ile. Akakalishwa chini, akaambiwa avue viatu, mifuko ikapinduliwa nje. Namkumbuka vizuri: vumbi la pumba kwenye kope, na soksi moja tu, mguu wa kushoto. Hakusema neno.

Alikuwepo mzee aliyewahi kuwa karani, amekuja kuuza debe zake mbili. Akauliza, "Upungufu ni ngapi?" Akaambiwa. Akasema, "Gawanyeni kwa tisa." Tukagawanya: 6,000 kamili, bila baki. Yule mzee akasema, "Basi msimpekue mtoto wa watu. Lipekueni daftari. Kuna tarakimu mbili zimebadilishana viti." Tukapekua. Mstari wa kumi na kitu kutoka juu palikuwa na 71,300. Stakabadhi yake ilisema 17,300.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilimwomba radhi yule kijana mbele ya watu wote. Lakini usiku ule sikulala, na si aibu peke yake iliyonikesha. Nilikuwa najiuliza: mzee amejuaje? Hajaliona daftari. Hajui tumeuza nini wala kwa nani. Ametoa wapi tisa?

Jibu ni hili. Kumi ni tisa na moja. Mia ni 99 na moja. Elfu ni 999 na moja. Kwa hiyo kila namba unayoandika ni mafungu ya tisa tisa, ukiyaondoa yote zinabaki tarakimu zako zimejumlishwa. Ukitoa jumla ya tarakimu kwenye namba yoyote, kinachobaki kinagawanyika kwa tisa. Jaribuni 523. Toa 10, inabaki 513, na 513 ni 9 mara 57. Sasa 71,300 na 17,300 zina tarakimu zilezile, kwa hiyo jumla ileile, 11. Namba mbili zenye jumla moja ya tarakimu, tofauti yake lazima igawanyike kwa tisa. Narudia: lazima. Ndiyo maana mzee hakuhitaji kuliona daftari.

Hapo nguo imeanza kusema, wanangu. Na inasema tena juu ya tatu, kwa sababu ileile. Namba tasa yoyote inayozidi 3, jumla ya tarakimu zake haiwezi kuwa 6, wala 9, wala 12, wala 15. Ukiona 87 inajifanya tasa, jumlisha: nane na saba, kumi na tano. Imekamatwa. Hayo mengi wenu mnayajua, siyakalii.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na chaki mkononi, binti mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria. "Mwalimu, kuna namba tasa mbili zinazofuatana ambazo jumla zake za tarakimu ni sawa?" Nikamwambia tutafute wote. Darasa zima likaanza kujumlisha. 2, 3, 5, 7, kisha 11 inatoa 2, 13 inatoa 4, 17 inatoa 8, 19 inatoa 10, 23 inatoa 5. Hakuna. Tukafika mia, hakuna. Kengele ikagonga.

Kesho yake nikakumbuka ghala. Nikawaambia, acheni kujumlisha kwanza, tufikiri. Jumla zikiwa sawa, tofauti inagawanyika kwa tisa. Tumekubaliana? Halafu tasa zote zinazozidi 2 ni witiri, na witiri ukitoa witiri unabaki na shufwa. Tofauti inagawanyika kwa tisa na kwa mbili. Basi ni 18, au 36, au 54. Kwa hiyo hatutafuti jumla tena. Tunatafuta pengo. Tunatafuta mahali ambapo kutoka tasa moja hadi tasa inayofuata ni hatua 18 au zaidi.

Mnaona tulivyopunguza kazi? Mwanzoni mapengo ni madogo: mawili, manne, sita. Kati ya 89 na 97 ni nane. Kati ya 113 na 127 ni kumi na nne, tukafikiri tumekaribia, kumbe safari bado. 200 ikapita, 300 ikapita, 400 ikapita. Ni kama kutembea mbugani saa saba mchana huoni hata kivuli. Ndipo tukafika 523.

Tukaandika witiri zote zinazofuata, tukaziangusha moja moja. 525, inaishia na 5. 527 ilituchelewesha, ni 17 mara 31. 529 ni 23 mara 23. 531, jumla 9. 533 ni 13 mara 41. 535, tano tena. 537, jumla 15. 539 ni 7 mara 77. Zote nane zimeanguka. 541? Tukaijaribu kwa 7, kwa 11, kwa 13, kwa 17, kwa 19, kwa 23. Imesimama. Tasa. Toa 523 kwenye 541, unapata 18. Na yule binti akasimama mwenyewe, akasema kwa sauti ndogo, "Tano, nne, moja. Kumi."

523, kumi. 541, kumi. Pengo la kwanza la 18 katika namba zote, na jumla zimelingana palepale. Na zingeweza kutolingana, maana pengo la 18 linaahidi tu kwamba jumla mbili zitapishana kwa kigawe cha tisa, kwa mfano 10 na 19. Hapa zimelingana kabisa. Mpaka leo nikiandika 541 mkono wangu husita kidogo.

Sasa tuingie kwenye mchezo wenyewe niliokuja nao.

Wazee mliopo, nani hajawahi kukaa chini ya mwarobaini na bao? Unachota kete za shimo moja, unazisambaza moja moja, na idadi uliyochota ndiyo inayokupeleka. Ukiangukia shimo lenye kete, unachota tena, unaendelea. Ukiangukia shimo tupu, umelala.

Chezeni bao na namba tasa. Simama kwenye tasa. Jumla ya tarakimu zake ndizo kete zako. Songa mbele hatua hizo. Ukiangukia tasa nyingine, chota tena. Ukiangukia namba isiyo tasa, umelala.

Anzeni na 11. Kete ni 2, tunafika 13. Kete ni 4, tunafika 17. Kete ni 8, tunafika 25. Tumelala, maana 25 ni 5 mara 5. Tasa tatu.

Anzeni na 101. Kete 2, tunafika 103. Kete 4, tunafika 107. Kete 8, tunafika 115. Tumelala. Tatu tena, na kete zilezile: 2, 4, 8.

Anzeni na 277. Kete 16, tunafika 293. Kete 14, tunafika 307. Kete 10, tunafika 317. Kete 11, tunafika 328. Tumelala. Lakini safari hii tasa nne!

Hatua hii ya kuongeza namba kwa jumla ya tarakimu zake aliichunguza kwa undani mwalimu mmoja, na naomba walimu mnisikilize hapa. Aliitwa D. R. Kaprekar. Alizaliwa mwaka 1905 nchini India, akafundisha shule katika mji wa Devlali kuanzia 1930 hadi 1962. Hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu wa shule kama mimi na wewe, mwenye madaftari ya kusahihisha na wanafunzi wenye njaa saa sita. Wasomi wa kwao hawakumjali sana mwanzoni. Jina lake lilienea duniani mwaka 1975, Martin Gardner wa Marekani alipoandika juu yake, naye Kaprekar alikuwa ameshastaafu. Alifariki 1986.

Kaprekar aliuliza swali la kinyume. Badala ya kuuliza namba inaenda wapi, aliuliza imetoka wapi. 101 imetoka kwa nani? Kwa 91, maana 91 na kumi ni 101. Pia kwa 100, maana 100 na moja ni 101. Ina wazazi wawili. Na 20? Tafuteni. Hakuna namba ambayo ukiiongeza jumla ya tarakimu zake unapata 20. Haina mzazi. 31 haina, 42 haina, 53 haina, 97 haina. Angalieni 97: ni tasa, na haina aliyeileta. Hawezi kuifikia mtu yeyote kwenye bao letu, lazima aanzie hapohapo.

Turudi kwenye kulala. Kwa nini tunalala? Hapa ndipo pana utamu.

Kwanza, ukianzia tasa inayozidi 3, hatulali kamwe kwa sababu ya tatu. Mmeona? Namba na jumla ya tarakimu zake zina baki moja zikigawanywa kwa 3. Ukizijumlisha, baki linakuwa maradufu. Baki 1 linakuwa 2. Baki 2 linakuwa 4, yaani 1. Linakwenda moja, mbili, moja, mbili, halifiki sifuri daima. Kwa tisa ni pazuri zaidi. Jumlisheni tarakimu mpaka ibaki moja: 277 inatoa 7, 293 inatoa 5, 307 inatoa 1, 317 inatoa 2. Ukiendelea utapata 4, kisha 8, kisha 7, kisha 5, kisha 1. Mzunguko wa mashimo sita, 1, 2, 4, 8, 7, 5, na mchezaji hatoki humo hata acheze mpaka jua lizame.

Kwa hiyo tatu hawezi kutulaza. Anayetulaza mara nyingi ni mbili. Tasa ni witiri. Kete zikiwa witiri, witiri na witiri ni shufwa, na hapo umelala bila kujitetea. 317 ilikuwa na kete 11, ikatupeleka 328. Haikuwa na namna.

Kuna familia ya namba tasa ambazo jumla zake nazo ni tasa. Nendeni mia tatu mkaone majirani watano waliopangana: 311 inatoa 5, 313 inatoa 7, 317 inatoa 11, 331 inatoa 7, 337 inatoa 13. Hakuna tasa nyingine kati yao. Tasa nje, tasa ndani, nyumba tano mfululizo. Mwaka 2012 Glyn Harman wa Uingereza alionyesha kwamba tasa za namna hii hazina mwisho. Lakini kwenye bao letu? Wote watano wamelala hatua ya kwanza, kwa kuwa kila mmoja ana kete witiri. Katika familia hiyo anayeweza kutembea ni mwenye kete 2 tu, na hao mmeshawaona: 11 na 101.

Basi swali linajileta lenyewe. Katika namba tasa zote, ngapi zina jumla shufwa na kutembea zinaweza, na ngapi zina jumla witiri na mlango umefungwa? Hesabuni zilizo chini ya 100. Ziko 25. Nimezipanga usiku wa kuamkia leo: shufwa 13, witiri 12. Karibu nusu kwa nusu. Je, itaendelea hivyo hadi mamilioni, mabilioni, mbele kabisa? Au iko siku upande mmoja utauzidi mwingine?

Mwaka 1968 Aleksandr Gelfond wa Urusi aliliweka swali la namna hii mbele ya dunia. Jumla ya tarakimu, jambo la darasa la pili. Namba tasa, jambo la darasa la tano. Mkiziunganisha, miaka ikapita. 1970 ikapita, 1980 ikapita, 1990 ikapita. Mwaka 2010 Wafaransa wawili, Christian Mauduit na Joël Rivat, walichapisha uthibitisho. Ni nusu kwa nusu. Kadiri unavyokwenda mbali, shufwa na witiri vinagawana namba tasa sawasawa.

Miaka 42 kuthibitisha kile ambacho 13 na 12 vilikuwa vinanong'ona. Mtaniuliza, kwa nini isiaminiwe tu? Kwa sababu nguo na mwili havikuahidiana kitu. Kwa tatu na kwa tisa tunajua sababu, ni ile kumi kuwa tisa na moja. Kwa mbili hakuna sababu nyepesi kama hiyo. Ilibidi ijengwe kuanzia msingi. Nami kila nikiifikiria habari hii naona heshima kwa mtoto anayejumlisha kwa vidole kule nyuma ya darasa, maana anachoshika mkononi ni kitu kilekile.

Kila hatua ya bao letu, basi, ni kama kufika penye milango miwili, mmoja umefungwa. Hata ukipita ule ulio wazi, bado 5 anakungoja, 7 anakungoja, 11 anakungoja. Ndiyo maana safari ndefu ni adimu. Nimewaletea moja. Andikeni taratibu.

37783, kete 28.
37811, kete 20.
37831, kete 22.
37853, kete 26.
37879, kete 34.

Tasa tano mfululizo, na nilizipima moja baada ya nyingine kwa kugawanya, kuanzia 7 hadi 193, taa imewashwa na mke wangu ananiuliza kama nitakula. Angalieni kete: zote shufwa. Angalieni mzunguko: 28 inatoa 1, 20 inatoa 2, 22 inatoa 4, 26 inatoa 8, 34 inatoa 7. Uleule wa mashimo sita. Kisha kete 34 zinatupeleka 37913. Inaonekana tasa. Haigawanyiki kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13. Nilifika 29 nikaanza kutabasamu. Nikajaribu 31. Mara 1223. Imelala.

Wenye simu, kuna hazina ya mifuatano ya namba kwenye intaneti. Neil Sloane aliianza mwaka 1964 akiwa bado mwanafunzi huko Marekani, akiandika kwenye kadi za karatasi. Sasa ina mifuatano zaidi ya 350,000, na mtu yeyote anaweza kuitafuta bila malipo. Mkifika nyumbani andikeni humo 101, 103, 107, 115, mkaone majirani zake.

Lakini kabla ya simu, chaki. Nimeuomba uongozi wa ukumbi utuachie ule ubao chini ya mwarobaini nje, wamekubali. Wakati chakula kinaandaliwa, wa kidato cha kwanza na cha pili waanzie ubavu wa kushoto, wakubwa wa kulia, wazazi wasahihishe. Namba ya kuanzia ni 516493. Kete zake mnaweza kuzihesabu mkiwa mmekaa. Gawanyeni kazi ya kupima, huyu 7, huyu 11, huyu 13, na mje mniambie imelala wapi.